Nalala na 6.8, naamka na 9.1. Sukari hii inatoka wapi?

fundi_cherehani:
Wakuu, naombeni mawazo. Nina kisukari aina ya pili, natumia metformini asubuhi na jioni. Kazi yangu ni kushona, vidole vimeshazoea sindano, kwa hiyo kujitoboa si tabu. Tabu ni namba. Jioni nakula mapema, mboga nyingi, wanga kidogo. Kabla ya kulala kipimo kinasoma 6.8 (mmol/L). Usiku sigusi kitu ila maji, lakini asubuhi, hata mswaki sijapiga, 9.1! Mke wangu ameanza kunishuku kwamba nafukua sufuria usiku wa manane. Nikiamua kulala njaa ndiyo kabisa, haishuki. Tatizo nini?

nesi_mstaafu:
Mwambie shemeji hujaiba kitu. Sukari hiyo imetoka kwenye ini lako mwenyewe. Alfajiri mwili hujiandaa kuamka, homoni kama kotisoli zinapanda, na ini linaachia glukosi. Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini na namba haisogei. Kwako insulini haitoshi, au mwili hauisikii vizuri. Na kulala njaa hakulizimi ini. Tumbo likiwa tupu, ini ndilo linalokulisha.

Kwa siku chache pima pia saa tisa usiku. Ikiwa iko karibu na ile ya kulalia kisha inapanda, ni mambo ya alfajiri. Ikiwa imeshapanda, kagua mlo wa jioni. Ikiwa chini ya 3.9, kula kwanza kitu chenye sukari ya haraka, kama gramu 15, rudia kipimo baada ya dakika 15, halafu mweleze daktari. Dozi usijiongezee.

kidole_kimoja:
Unanawa kabla ya kupima? Utomvu wa tunda kidoleni unatosha kuipandisha namba. Maji na sabuni, kausha vizuri. Na toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, hasa wewe mwenye sugu za sindano.

chuma_cha_pua:
Mnazunguka tu. Acha wanga wote kuanzia leo, utaniambia.

nesi_mstaafu:
@chuma_cha_pua huo ushauri usiugawe kwa kila mtu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi akikata wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka mno akazimia. Kupunguza, sawa. Kuanza na mboga na protini, wanga mwishoni, nako kunasaidia, na kutembea kidogo baada ya kula.

fundi_cherehani:
Nimerudi. Saa tisa usiku 6.6, saa kumi na mbili 9.0, na mikono nimenawa. Shemeji yenu alisimama pembeni akishuhudia, kesi imefutwa. Nimerudia kula jioni. Ila HbA1c yangu ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari, ilikuwa asilimia 7.1 na daktari hakushtuka. Sasa nimwamini nani, yeye au hii 9?

nesi_mstaafu:
Wote wawili. HbA1c ni wastani wa miezi miwili mitatu, 9 ni ya dakika ile uliyojitoboa. Kwa watu wazima wengi lengo la kabla ya kula ni 4.4 hadi 7.2, kwa hiyo asubuhi yako bado iko juu. Andika namba zote pamoja na saa zake, za saa mbili baada ya kula pia, umpelekee daftari. Aone kama metformini ya jioni inahitaji kubadilishwa.

fundi_cherehani:
Daftari ninalo, la vipimo vya wateja. Nitaanza ukurasa wa nyuma, nisije nikamshonea mtu kiuno cha 9.1.