Morgan zangu za MS63: nipandishe gredi zote au ninunue 1893-S moja?

Baharia_Houston
Wakuu, habari za jioni. Nina seti ya Morgan dollar (dola za fedha za zamani za Marekani) zilizopimwa gredi, nyingi MS63 na chache MS64 (MS ni sarafu isiyotumika, namba ikipanda hadhi inapanda). Sasa nataka kuipandisha hadhi na nimebaki na njia mbili: nibadilishe moja moja mpaka zifike MS65, au niuze sehemu yake nichukue 1893-S moja (ya 1893, kiwanda cha San Francisco), hata kama imetumika. Kuna muuzaji amenishikia moja mpaka mwisho wa mwezi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Fundi_Mizani
Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna wa kukushauri. Bajeti kiasi gani? Zimepimwa na kampuni gani, PCGS, NGC au ANACS? Miaka gani, kiwanda gani? Weka picha pande zote mbili. MS63 ya 1881-S na MS63 ya 1884-S hazifanani hata kidogo. 1881-S zimejaa, San Francisco walizigonga vizuri, na MS65 yake unaipata bila kuuza chochote. 1884-S karibu zote ziliingia mtaani zikatumika. Ya MS65 ikitokea mnadani, bei yake ni ya nyumba.

Bi_Zuhura_MN
Mimi nakuambia usikimbizane na namba. Nakusanya za New Orleans, zile zenye herufi O chini ya shada upande wa tai. Nyingi ziligongwa hafifu: nywele za juu ya sikio la Liberty, yule mwanamke wa upande wa uso, zimelala bapa, na kifua cha tai hakina unyoya hata mmoja. Nina 1884-O ya MS64 ambayo manyoya ya kifuani unayahesabu kwa macho. Siibadilishi na MS65 yoyote iliyo bapa.

Simba_CAC
Dada kasema vizuri, lakini jicho la mgeni halitoshi. Tafuta stika ya kijani ya CAC, kampuni inayokagua upya gredi. Tangu 2007 wanaangalia sarafu za PCGS na NGC ambazo tayari zimo ndani ya kasha la plastiki la kupimwa, na wanabandika stika pale tu gredi iliyoandikwa inapostahili. Hiyo ya dhahabu maana yake sarafu ilipewa gredi ya chini kuliko haki yake. Bora MS64 yenye stika kuliko MS65 isiyo nayo.

Fundi_Mizani
Na wewe unanunua stika. Nimeona MS64 yenye stika ikiuzwa kwa bei ya MS65 kamili. Hapo faida iko wapi kwa huyu ndugu?

Simba_CAC
Faida utaiona siku ya kuuza, kaka. Wanunuzi wanaigombania.

Kaka_Dallas
Baharia, kabla hujatoa hela ya 1893-S, soma hili. Mwaka juzi niliuziwa 1893-S kwenye maonyesho ya sarafu. Kasha lilifanana kabisa na la kampuni kubwa, lebo safi, na namba ya cheti niliipiga kwenye simu palepale mezani ikajibu: 1893-S, gredi ileile. Nikalipa. Nilipofika nyumbani nikafungua tena ukurasa ule kwenye kompyuta, nikaona kuna picha ya sarafu yenyewe. Ya kwenye picha ina mkwaruzo shavuni, chini ya jicho. Yangu shavu safi. Matapeli walikuwa wamenakili namba ya cheti cha kweli wakatengeneza kasha bandia.

Nikachukua lenzi. 1893-S za kweli ziligongwa kwa muhuri mmoja upande wa uso, na kwenye kichwa cha herufi T ya neno LIBERTY kuna kimstari kidogo cha mshazari kilichoinuka. Yangu haikuwa nacho. Ilikuwa 1893 ya Philadelphia, ambayo haina herufi ya kiwanda, wakaibandika S. Muuzaji nilimpigia mpaka namba yake ikawa haipatikani. Dola elfu kadhaa zilikwenda, na mke wangu mpaka leo hataki kusikia neno Morgan.

Sarafu hii ziligongwa 100,000 tu, kwa hiyo kila tapeli anaijua. Muulize muuzaji wako picha ya hiyo T, tena kwa karibu.

Bi_Zuhura_MN
Pole sana kaka yangu. Huu ni wizi wa mchana.

Fundi_Mizani
Pole mkuu. Ila hiyo hesabu ya 100,000 isimtishe wala isimvutie mtu. Kwa sheria ya Pittman ya 1918 serikali iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, na hakuna aliyeandika miaka yake. Hesabu ya zilizogongwa haikuambii zilizobaki. 1903-O ilikuwa mfalme wa seti mpaka 1962, Hazina ya Marekani ilipofungua mifuko ya dola ilizokuwa imezihifadhi. Bei ilianguka vibaya.

Simba_CAC
Mifuko hiyo iliisha zamani. 1893-S hazikutokea humo kwa wingi. Usimtishe.

Mzee_Nassor_Muscat
Wanangu, salaam. Mimi nauliza, kwa nini nyote mnagombania Morgan? Hizo kampuni za kupima zinapokea pia za kwetu. Iko riyali ya fedha ya Sultani Barghash ya 1882. Iko rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye tembo mbele ya mlima, Wajerumani waliigonga kwenye karakana ya reli vita ikiwa imewabana. Ziligongwa takriban 16,000 tu. Kijana wa pwani akiwa na ile ya tembo kwenye kasha, roho yangu inafurahi.

Baharia_Houston
Shikamoo Mzee. Hiyo ya tembo sijawahi kuishika mkononi.

Fundi, samahani kwa kuchelewa. Zangu nyingi ni PCGS: 1881-S, 1885-O, 1887, 1884-CC (ya Carson City) ndani ya kasha la serikali la GSA. Bajeti ni hiyohiyo nitakayoipata nikiuza. Muuzaji nimemwomba picha ya T, amesema atatuma.

Fundi_Mizani
Hiyo 1884-CC ya GSA usiiuze! Ziliuzwa na serikali yenyewe miaka ya 1970. Na usiitoe humo upeleke kupimwa upya.

Kaka_Dallas
Akichelewesha picha, achana naye.

Bi_Zuhura_MN
Mzee Nassor, salamu zangu zikufikie kwa niaba ya baba, yeye ni wa Tabora. Ile ya tembo inapatikana kwenye minada ya Ujerumani au hata Marekani?

Mzee_Nassor_Muscat
Kote kote binti yangu. Angalia ukingo na ncha za pembe za tembo, ndizo huchakaa kwanza. Na uipime: gramu 7 na kidogo.

Simba_CAC
Dada, ukiipata weka picha kwenye uzi mpya, hapa tutamchanganya Baharia.