Mbwa wangu anafukua uwanja na kutafuna kila kitu, nimchezeshe michezo gani ya kutengeneza nyumbani?

mama_wawili_goba:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wenu kwa mwenye uzoefu. Nina mbwa jike anaitwa Pili, ana mwaka mmoja na miezi minne, ni mchanganyiko wa jemani shepadi na hawa mbwa wetu wa kawaida. Mchana anakaa bandani maana wageni na watoto wa jirani wanaingia na kutoka, saa nne usiku tunamfungulia analinda mpaka asubuhi. Sasa tangu amekua mkubwa ni uharibifu tu, kafukua mashimo kwenye migomba mpaka mmoja umelala, katafuna mpira wa kumwagilia maua, ndala za watoto pea tatu mwezi huu peke yake, na juzi kaanua shuka kwenye kamba kalichana. Akiwa bandani anazunguka duara lile lile mpaka sakafu ya udongo imefanya njia, na kubweka ni kutwa nzima.

Mume wangu anasema tumpe mtu wa shamba kule Mkuranga tupumzike, mimi sitaki, watoto wanampenda na usiku analinda kweli. Kuna waliosema nimchape, nilimchapa siku moja akajikojolea kwa woga akaenda kujibanza nyuma ya tenki, tokea hapo sijarudia na roho inaniuma mpaka leo. Midoli ya mbwa dukani ni bei, kile kimpira nilichonunua alikimaliza jioni ile ile. Kuna michezo ambayo mtu anaweza kutengeneza kwa vitu vya nyumbani ikamchosha akili? Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo, anakula mara moja jioni.

baba_bosco:
Pole sana dada, na usimpeleke Mkuranga kwanza, huyo mbwa hana tabia mbaya, hana kazi. Hebu fikiria, anafungiwa asubuhi mpaka saa nne usiku hana cha kuangalia zaidi ya wavu, na damu ya upande mmoja ni ya mbwa waliozalishwa kuchunga kondoo siku nzima, lazima ajitafutie kazi mwenyewe, na kazi aliyoipata ni migomba yako.

Mimi ninao watatu na nilichobadilisha kwanza ni bakuli, niliacha kuwawekea chakula kwenye bakuli. Chakula kile kile unachompa kila siku ndio mchezo wenyewe wala huhitaji kununua kitu. Ugali usonge mgumu kidogo, uache upoe, ukate vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, changanya na dagaa wakavu, halafu mrushie kwenye majani atafute kimoja kimoja kwa pua. Bakuli analimaliza ndani ya dakika moja, ukimtawanyia kwenye majani atahangaika robo saa na utasikia anavyovuta pumzi puani fu fu fu, hapo ndio akili inafanya kazi.

Akizoea hiyo panda daraja. Chukua trei la mayai lile la karatasi, weka vipande kwenye vishimo, siku ya kwanza liache wazi. Akielewa, funika na trei lingine juu, hapo atalisukuma kwa pua na kulipindua kwa mguu. Baadaye unaweka trei lote ndani ya boksi, boksi unalifunga kwa kukunja tu, usiweke gundi wala pini. Kanga iliyochakaa nayo ni dhahabu, itandaze chini, nyunyiza chakula, ikunje kama mkeka, afumue mwenyewe. Akishajua kufumua unaifunga fundo moja la kulegea.

Kitu ambacho wengi wanakosea ni kuanza na kigumu. Mbwa akishindwa mara mbili tatu mwanzoni anakata tamaa kabisa, analala pembeni anakuangalia, na wewe unasema mbwa wangu mjinga. Ukiona dakika mbili zimepita hajapata hata kipande kimoja rahisisha hapo hapo, mfunulie kidogo aone. Ashinde kwanza siku tatu nne ndio uongeze ugumu. Na ugawe chakula mara mbili, asubuhi nusu na jioni nusu, maana huyo wako akiamka hana cha kungoja mpaka usiku.

mlinzi_wa_zamu_tanga:
Salamu kwenu. Mie ni mlinzi kwenye nyumba ya watu, mbwa wawili wa bosi niko nao mwaka wa sita sasa. Mie Muislamu na mate ya mbwa sitaki yaniguse, kwa hiyo michezo yangu yote ni ya mbali mbali na vyombo vyao viko upande wao, nasema hili kwa ajili ya wenzangu wenye kazi kama yangu wanaodhani mbwa hawezi kuchezeshwa bila kumshika.

Kabla sijawafungulia usiku nazunguka ukuta wote na dagaa mkononi, naacha mmoja chini ya jiwe, mmoja kwenye tundu la tofali, mwingine juu ya kisiki, mwingine nyuma ya tairi la gari, kama ishirini hivi. Halafu nafungua geti la banda nasema "tafuta". Wanaanza ukutani wanazunguka kiwanja chote, na hapo nimepata faida mbili, mbwa kafanya kazi na kiwanja kimekaguliwa, maana akipita mtu ukutani wao ndio wa kwanza kujua, wameshazoea kunusa kila pembe. Kila siku nabadilisha sehemu, ukiweka pale pale wanakariri na mchezo umekwisha.

Mchana nina ndoo tatu za lita kumi, nazipindua chini, chakula nakiweka chini ya moja, naongea naye akiwa ameketi aone nikiweka. Halafu nasogea. Akigusa ya kweli naiinua kwa fimbo. Mwezi wa pili nikaanza kuzizungusha, huyu mkubwa sasa namzungushia mara nne na bado anaipata, na sio kwa macho ni kwa pua.

Kuhusu kufukua, dada yangu, mbwa anayependa kufukua hutamwachisha, mpe shimo lake. Nyuma ya nyumba penye kivuli weka mchanga kama viroba vinne, zungushia matofali, fukia vipande vya chakula juu juu akiwa anaona, kesho yake fukia ndani zaidi. Akienda kwenye migomba usipige kelele, mwite umpeleke kwenye mchanga wake. Kwa wangu ilichukua wiki tatu akaacha bustani.

dkt_mifugo_moro:
Mmeeleza vizuri, niongeze ya upande wangu maana kila mwezi naletewa mbwa wenye matatizo ambayo chanzo chake ni mchezo uliotengenezwa kwa nia njema.

Msimpe gunzi la hindi. Narudia kwa herufi kubwa, MSIMPE GUNZI LA HINDI. Mtu anaona mbwa anafurahia kuguguna, lakini anameza kipande, tumboni halisagiki, linakwama kwenye utumbo na bila upasuaji mbwa anakufa. Kokwa la embe ni hivyo hivyo, na msimu wa maembe ndio huo mbwa wanaletwa wanatapika. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, inavunjika vipande vyenye ncha. Chupa ya maji yenye matundu ambayo mbwa anaviringisha vipande vidondoke ni mchezo mzuri sana, ila toa kizibo na ile pete yake ya plastiki, uwe umekaa naye, na akianza kuitafuna badala ya kuiviringisha ichukue. Tairi la gari lililokatwa hapana, ndani lina nyaya za chuma. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu seli nyekundu za damu yake, chokoleti ni sumu kwake, na siagi ya karanga ukitaka kumpakia kwenye kitu soma kopo kwanza, ikiwa na sukari mbadala iitwayo zailito (huandikwa xylitol) usimpe hata kijiko, karanga ulizotwanga mwenyewe bila chumvi ni salama zaidi.

Sasa kwa nini pua na sio kukimbia tu. Ndani ya pua ya mbwa kuna vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufika milioni 300, sisi tunavyo kama milioni 6. Kwa mbwa kunusa ndio kusoma gazeti. Hapa kwetu Morogoro pale chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na njia yao ni rahisi, panya akipata harufu sahihi anasikia mlio wa "tik" halafu anapewa chakula kidogo. Kama panya buku anafundishika hivyo Pili atashindwaje, chagua neno moja fupi kama "sawa!", liseme sekunde ile ile anayopata, ndipo chakula. Wote nyumbani watumie neno hilo hilo.

Mama Goba, lile la kuzunguka duara nimelisoma mara mbili. Mara nyingi ni upweke na kukosa kazi na linapungua maisha yakibadilika, lakini ukiona bado anazunguka hata akiwa nje huru na ana cha kufanya, mpeleke kwa daktari wa mifugo amwone. Na kama kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa imepita mwaka, ishughulikie wiki hii, mbwa anayecheza na watoto hilo halina mjadala.

chebet_na_simba:
Niko Nakuru huku, naongezea moja ya watoto kwa sababu umesema wanampenda. Wafundishe kumpa vitu majina. Kuna mbwa wa Marekani aliitwa Chaser, bodakoli (aina ya mbwa wa kuchunga kondoo), mwenyewe alikuwa profesa mzee John Pilley wa chuo cha Wofford huko South Carolina, na utafiti wao ulitoka 2011, huyo mbwa alijua majina ya midoli 1,022. Alifundishwa kama miaka mitatu, kitu kimoja kimoja, jina linarudiwa mara nyingi kabla ya kuongeza kingine. Sisi tumefika saba na Simba wetu ni mbwa wa kawaida wa kijijini. Tulianza na soksi iliyofungwa fundo, inaitwa "soksi", wiki nzima ni soksi tu. Halafu "kamba", tulisuka tisheti tatu kuukuu kama nywele za mtoto. Ukiviweka viwili pamoja umwambie leta kamba na alete kamba, watoto wanapiga kelele mpaka nyumba inatingika, na yeye anajua kabisa amefanya kitu kikubwa.

Pia kujificha. Mmoja amshike, mwingine ajifiche nyuma ya mlango, amwite mara moja tu anyamaze. Siku ya mvua hii inasaidia sana.

mama_wawili_goba:
Jamani nimesoma yote na asanteni sana, Mungu awabariki. Swali dogo, hivi yale madude ya mpira mekundu yenye tundu katikati wanayojaza chakula yana mbadala? Nimeyaona kwa mtu Masaki.

baba_bosco:
Hayo ni Kong. Historia yake inafurahisha, jamaa mmoja wa Colorado, Joe Markham, alikuwa na jemani shepadi anaitwa Fritz aliyekuwa anatafuna mawe mpaka anaharibu meno, siku anatengeneza gari lake la Volkswagen kipuri cha mpira kikadondoka, Fritz akakidaka na hakutaka mawe tena. Ile ilikuwa miaka ya 1970. Kwa hiyo na yeye alikuwa na tatizo lako lile lile. Mbadala wangu ni barafu. Chemsha mifupa bila chumvi wala kitunguu, chuja mchuzi, upoe, tia vipande vya ugali na dagaa, mimina kwenye kikombe cha plastiki, gandisha usiku. Saa saba mchana jua likiwa kali unalitoa kwenye kikombe unampa bandani, atalamba nusu saa. Hilo ndilo la kumwachia akiwa peke yake, haya maboksi na kanga mpe ukiwa unamwona.

mama_wawili_goba:
Wakuu nimerudi, leo ni siku ya 12. Trei la mayai lililofunikwa siku ya kwanza alilitafuna lote pamoja na karatasi, nikarudi kwenye kurusha majanini siku nne kama baba Bosco alivyosema, halafu nikampa tena na sasa analipindua vizuri. Barafu ya mchuzi ndio imetuokoa mchana, kubweka kumepungua sana, jirani wa kushoto kaniuliza kama mbwa anaumwa. Anaanza kulala saa nane, kitu ambacho sijawahi kukiona. Kuzunguka bado kupo asubuhi nikichelewa kumpa chakula, nimeongea na daktari Jumamosi anakuja na chanjo hapo hapo.

Mchanga bado sijapata, migomba nimeizungushia matofali kwa sasa. Na mume wangu ambaye alikuwa wa Mkuranga, jana saa tatu na nusu usiku nimemkuta nje na tochi anaficha dagaa ukutani, ananiambia nisimfungulie kwanza, bado hajamaliza upande wa tenki.

mlinzi_wa_zamu_tanga:
Mwambie asisahau juu ya kisiki na pembeni ya geti, na kesho aanze upande mwingine.