Laki nne na ishirini za kubahatisha, kumbe tatizo ni kiplastiki cha breki!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Gari yangu ni ya Kijapani, ya 2009, otomatiki. Aina siitaji, maana nawajua, mtaanza ligi ya Nissan na Toyota hadi ukurasa wa kumi na langu lisahaulike.

Mwezi wa tatu kruzi kontroli, ile inayoshikilia spidi yenyewe bila wewe kukanyaga mafuta, iligoma. Nabonyeza swichi kuu, taa ya kijani inawaka vizuri kwenye dashibodi, nabonyeza SET, haishiki. Kuna jamaa alinicheka eti nalilia anasa. Mimi Dar–Dodoma naenda mara mbili kwa mwezi. Vile vipande vya 50, kuanzia Gairo, Kibaigwa, hadi Mbande, mguu ukijisahau kidogo tu umekutana na tochi ya trafiki, 30,000 imekwenda. Nikiitegesha 50 natulia na redio yangu.

Nikaipeleka gereji moja hapa Dar, ya kishua, ina sofa na mashine ya kahawa. Kijana akachomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba moja tu: P0571. Nikaipiga picha, ninayo mpaka leo. Akaikodolea macho, akasema, "Hii sensa ya spidi, bosi."

Wakuu, P0571 ni mzunguko wa swichi ya breki! Mwenye bando la mia tano angeitafuta akaijua. Mimi sikuitafuta, nilimwamini mwenye ovaroli.

Sensa ya tairi la mbele kushoto, 180,000. Haikushika. Mshale wa spidi unapanda na kushuka kama kawaida, taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaotegemea sensa hizo hizo, haijawaka hata siku moja, yeye kabadilisha sensa! Wiki iliyofuata ikawa "throto ina uchafu", yaani mlango wa hewa ya injini, 40,000. Halafu swichi za usukani, za mtumba, 120,000, ufundi 50,000. Weka na 30,000 ya kupima. Laki nne na ishirini, kruzi imelala vilevile. Mara ya nne anataka 350,000 abadilishe kloku springi, ule utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani na kupeleka umeme wa honi na eabegi. Honi inalia, taa ya eabegi haijawaka, yeye anautaka utepe. Nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Sasa sikieni kilichonichemsha hasa. Juzi naenda Dodoma, kigiza kimeshaingia, basi liko nyuma yangu linaniwashia fulu tangu Gairo. Nikasogea pembeni lipite. Kondakta katoa kichwa dirishani: "We kaka, breki zako zinawaka muda wote!"

Kibaigwa nikaingia sheli, nikazima injini, nikashuka. Miguu yangu yote iko chini na taa tatu za nyuma ni nyekundu. Nikapiga magoti, tochi ya simu mdomoni, nikachungulia juu ya pedali. Pale kuna swichi yenye kipini kama cha kalamu ya kubonyeza. Pedali ikiwa juu inakisukuma ndani. Ukikanyaga kinachomoka, taa zinawaka. Kinachokigusa kile kipini ni kiplastiki cha ukubwa wa kifungo cha shati, kimepachikwa kwenye tundu la mkono wa pedali. Changu hakipo. Kipini kimepenya tundu, kimechungulia upande wa pili. Vipande nikavikuta kwenye kapeti, vimekauka, ukivishika vinasagika kama biskuti.

Kruzi itashikaje, na kompyuta ya gari inaamini nimekanyaga breki? Nadhani kilianza kumeguka kidogo kidogo: kipini kikachomoka nusu, ikatosha kukata kruzi, taa zikawa bado. Wiki za mwisho ndiyo kikaisha chote. Na mimi nijilaumu. Gia ilikuwa inatoka P bila kukanyaga breki, nikaona raha tu. Betri ililala asubuhi mara mbili. Mlinzi aliniambia, "Bosi, taa umeziacha," nikadhani anasema za ndani.

Fundi pikipiki wa pale jirani akanipa bolti na nati, tukaziba tundu, nikampa 1,000. Taa zikazima. Nikatoka, nikabonyeza SET, ikashika! Mbande nimepita na 50 kamili. Niliporudi nikanunua kiplastiki chenyewe Kariakoo, 8,000, na muuzaji alinipimia kwa jicho tu, hakuuliza hata namba ya chesisi.

Pesa inauma, lakini kuna kubwa kuliko pesa. Nimeendesha sijui siku ngapi, na aliye nyuma yangu hana njia ya kujua lini nimefunga breki kweli. Ingekuwa ni lori limeshiba mzigo, kwenye mteremko, mvua inanyesha? Huyu fundi kafungua tairi, kafungua throto, kafungua usukani, na mara zote hizo hakuinama kutazama pedali wala kwenda nyuma ya gari.

Wenye Subaru, ninyi yenu ni tofauti kidogo: taa ya injini ikiwaka, gari yenyewe inaikata kruzi na taa yake inapepesa. Mtu akitaka kukuuzia spea za kruzi hapo mkatalie, mwambie atafute kilichowasha taa ya injini. Na waliobadili balbu za breki wakaweka LED, kuna magari kruzi inagoma kwa sababu hiyo tu. Rudisha za zamani ujaribu kabla hujatoa hata mia.

Jana nimemtumia fundi picha ya P0571 na picha ya bolti kwa WhatsApp. Nimemdai pesa ya sensa, na ile sensa yangu ya zamani, iliyokuwa nzima na aliyobaki nayo. Kajibu: "Kaka, si inashika sasa?" Baada ya hapo anasoma na kunyamaza.

Hivi sensa yangu, wakuu, saa hizi imefungwa kwenye gari la nani?