Mjadala: Mradi mkubwa Dodoma usipewe kibali kabla ardhi haijapimwa makaburi ya kale?

Ndugu zangu wa Dodoma, naomba tulijadili hili. Mimi nasema usipewe.

Kila nikilitaja, jibu ni lilelile: "Huku si Kilwa. Hakuna magofu wala makaburi ya mawe, mnatafuta nini?" Kauli hiyo inaniuma. Waliofuga na kulima nyanda hizi miaka 500 au 1,000 iliyopita hawakujenga kwa matumbawe, lakini walizaa na walizika. Na Kondoa ni hapo tu, yenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale Kisese, pango la miambani huko huko Kondoa, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri unaozidi miaka 40,000. Nchi iliyokaliwa muda wote huo ina wafu wake chini. Kaburi la mawe linajitetea lenyewe. Lisilo na alama ndilo linalohitaji kutafutwa.

Sheria tunazo. Ile ya kuhamisha makaburi ya 1969 inafaa pale kaburi linapojulikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya mwaka 1863, na anayevikuta anatakiwa atoe taarifa. Sasa huku Mtumba au Ihumwa anayevikuta ni nani? Ni dereva wa greda, anayesukumwa amalize kusawazisha kabla ya mvua. Akiona mfupa hajui ni wa mtu au wa ng'ombe, anapita. Simlaumu hata kidogo, tumemwachia kazi isiyo yake.

Upimaji wenyewe si kuchimbua eneo zima, na hapa ndipo wengi wanapotishika bure. Huchimbwa mitaro michache ya majaribio kwenye sehemu ndogo tu ya kiwanja. Kijiko cha mtambo wa kuchimbia, kisicho na meno, hukwangua udongo wa juu taratibu, mwanaakiolojia akiwa amesimama pembeni. Anachotafuta kwanza ni rangi, wala si mifupa: shimo lililowahi kuchimbwa na kufukiwa huacha doa lisilofanana na udongo ulioko kando yake. Akiliona, kijiko kinasimama na mwiko wa mkono, kama wa fundi mwashi, unachukua nafasi.

London mwaka 2013, kazi ya reli ya chini ya ardhi ilifikia mifupa ya watu 25 pale Charterhouse Square. Meno ya baadhi yao yalihifadhi vinasaba vya bakteria wa tauni iliyoua watu karne ya 14, na reli ilijengwa ikakamilika. Kwa hiyo wanaosema upimaji unaua maendeleo wanisaidie kwa mfano.

Gharama nakubali ni hoja nzito. Mama anayejenga vyumba viwili Nala asiguswe kabisa. Alipe mwenye mradi mkubwa, ndani ya tathmini ya athari kwa mazingira ambayo tayari anadaiwa kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Mimi naanzia ekari tano. Mwenye kipimo kingine akitaje na sababu yake.

Ninapokwama ni hapa, na nawaomba hasa wazee mchangie: mifupa ikipatikana na hakuna ukoo unaoidai, azikwe wapi mtu huyo, na nani amsomee dua au amfanyie tambiko?