Naomba ushauri: vigae vya lami vilivyosagwa vinagandana kwenye rundo

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaochanganya lami ya barabara hapa Marekani.

Vigae ni vile vya kuezekea vyenye lami, vinavyong'olewa kwenye mapaa ya zamani; tunavisaga ili lami yake itumike tena kwenye mchanganyiko wa barabara. Sampuli hupimwa asbestosi kwanza, kisha mbao na plastiki huchambuliwa kwa mkono, misumari huvutwa na sumaku. Tunasaga hadi vyote vipite chekecheo la milimita 9.5, maana kipande kikubwa hakiyeyuki, kinabaki kama kokoto na lami yake inapotea bure. Kwenye mchanganyiko tunaweka 5% ya uzito, hatuzidishi.

Shida ni rundo. Maji ya kupoza mashine yanaongeza unyevu, jua likiwaka vigae vinashikana mabonge, na kipimo cha uzito kwenye mkanda unaolisha mtambo kinayumba. Je, mchanga kiasi gani unatosha kuvitenganisha bila kuharibu mpangilio wa chembe (uwiano wa kubwa na ndogo kwenye mchanganyiko)? Au nichanganye na lami iliyokwanguliwa barabarani?

Pia, lami ya vigae ni ngumu mno, baridi ikija barabara inapasuka. Kushuka kwa lami mpya tunayoongeza kutoka daraja la PG 64-22 hadi PG 58-28 iliyo laini zaidi (namba ya kwanza ni joto, ya pili ni baridi chini ya sifuri, ambayo lami inahimili kwa nyuzi za Selsiasi) kunatosha kwa hiyo 5%?