Yule bwana wa "hasara ni ziro" karudi tena

Mnamjua, simtaji. Leo katupia kundi sauti ya dakika tisa, eti enzi za Tax Credits (ruzuku ya serikali ya Uingereza kwa kaya za kipato kidogo, iliyokwisha Aprili 2025), aliyejiajiri akipata hasara, kwenye fomu "hasara ni ziro, songa mbele". ZIRO! Nimeskia mpaka masikio yakaomba likizo.

Chukua mfano: mume ana mshahara wa pauni 21,000. Mke ana cherehani, mwaka umeisha na hasara ya 4,000. Kisanduku cha faida yake uliweka 0, sawa. Lakini hasara haikufia hapo! Ilikatwa kwenye mapato mengine ya kaya, mshahara wa mume ukiwemo: 17,000. Karatasi ya kupigia hesabu ilikuwa TC825. Huyu bwana anachanganya na kodi ya mapato, ambako hasara ya mke haigusi mshahara wa mume. Huku kwenye Tax Credits ombi lilikuwa la wawili, kapu moja. Hasara ikizidi mapato yote, iliyobaki ilisubiri faida ya biashara hiyohiyo. Sharti lilikuwa biashara iwe ya kutafuta faida kweli.

"Songa mbele"! Ruzuku ilipungua peni 41 kwa kila pauni ya mapato ya ziada. Ziro yako kwenye 4,000 ilikuwa pauni 1,640.

Binti_Cherehani: Hasira imekula hesabu yako, kaka. Mapato yakishuka, 2,500 za kwanza hazikuhesabiwa. Mwaka wa kwanza 21,000, wa pili 17,000: walitumia 19,500. Kwa mwaka huo wa pili ni 615 tu. Hiyo 1,640 ni ya mwaka uliofuata, ulioanzia 17,000.

Mzee wa Risiti: Kakamatwa! Ila yule bwana ni janga, hilo halina ubishi. Na hamkusubiri vitabu vifungwe: kabla ya 31 Julai mlipeleka makadirio, hesabu kamili mwisho ilikuwa 31 Januari.

mtoza ushuru: Mnalilia Tax Credits? Njooni Universal Credit, ruzuku iliyochukua nafasi yake. Hasara ya mke haigusi mshahara wa mume kabisa, inasubiri faida yake mwenyewe.

Mama Fundi: Na ukishamaliza miezi 12 ya kuanza biashara, wanakuhesabia umepata kipato cha chini walichokipanga, hata mwezi uliotoka mikono mitupu!

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye ZIRO.

mtoza ushuru: Mama Fundi, na hesabu za kila mwezi je? Iliyoingia, iliyotoka, mwezi hadi mwezi. Ukinunua vitambaa Machi ukauza Aprili, Machi hasara, Aprili wanakukata.

Mama Fundi: Hasara ya Machi idai Aprili, tangu 2018 inavuka. Ila kile kipato cha chini haikishushi.