Naomba ushauri: tukifika wavuni, mimi na shemeji tunapotea

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaocheza pikoboli (pickleball, mchezo unaofanana na tenisi kwenye uwanja mdogo) ya wawili wawili.

Mimi na shemeji tuko Minneapolis, tuna miezi minane kwenye mchezo huu. Kuanzisha mpira hatuna shida. Balaa ni mstari wa jikoni, lile eneo la futi 7 toka wavuni ambalo ukiwa ndani huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Wapinzani wakitudondoshea mipira laini, tunarudisha mara mbili tatu, kisha mmoja wetu anakosa subira anaunyanyua. Hapo tunakula smashi ya kifuani.

Mpira wa katikati ndio aibu kabisa: ama wote tunaurukia, ama wote tunautazama ukipita. Mimi natumia mkono wa kushoto, yeye wa kulia. Nikisimama kulia, mikono yetu ya mbele (forehand, upande wa mkono unaoshika kibao) yote iko katikati. Tukipata pointi tunabadilishana pande, na katikati inabaki mikono ya nyuma (backhand) mitupu.

Kila Jumanne tunadondosheana mpira kwa mshazari nusu saa nzima, tukihesabu. Tumeshafika 40 bila kukosea, lakini kwenye mechi hata 5 hatufiki.

Sasa, kuna zoezi gani la watu wawili tu linaloleta presha ya mechi? Na kwa pea ya mashoto na mtu wa kulia, wa katikati auchukue nani? Shemeji anasema yeye, kwa sababu ni mkubwa. Hiyo sidhani kama ni sheria.